Chini kwa Mbwa, Juu kwa Mwenye Mbwa

Kituo cha treni cha Birmingham International kimeunganishwa na kumbi za maonyesho za NEC kwa njia iliyoezekwa, na asubuhi za Crufts, maonyesho ya mbwa ya mwezi Machi, njia hiyo hufurika mbwa. Wengi wao hawakanyagi chini hivi hivi. Wamevalishwa makoti ya mvua yanayofunika tumbo na mapaja, na miguuni wana vijisoksi vya nailoni vilivyofungwa kwa mkanda, ili manyoya yaliyooshwa na kuchanwa jana yake yasiguse tope la maegesho ya magari. Mama mmoja wa makamo alitupita kambeba wake mikononi. Mbwa mkavu kabisa, mama viatu vimelowa chapachapa.

"Umeona, mjomba?" mpwa wangu akaninong'oneza. "Humu ndani kila kitu ni miguu."

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu, amezaliwa Ngamiani, Tanga, na sasa anaishi Coventry, mwendo wa dakika kumi na kitu kwa treni kutoka hapo. Kazi yake ni kunyoa mbwa. Dada yangu anapoulizwa na majirani mwanawe anafanya nini Ulaya, husema "yuko saluni," na hapo humaliza mazungumzo. Nilikuwa nimefikia kwake nikiwa na shughuli nyingine kabisa za uandishi, lakini kila nilipomsindikiza kazini nilijikuta ninabaki mpaka jioni, nimevuta kiti karibu na meza yake. Kwa hiyo siku ya Crufts ilipofika nilikuwa tayari nimeshapata somo la awali, na ni vizuri nianze na somo hilo, maana anayeingia Crufts bila ya kujua kinachofanyika chini ya mguu wa mbwa ataona urembo tu.

Saluni yenyewe iko kwenye mtaa wa maduka ya kawaida, baina ya duka la samaki na chipsi na ofisi ya dalali wa nyumba. Ndani kuna beseni kubwa la chuma, meza mbili zinazopandishwa na kushushwa kwa kukanyaga pedali, na ukuta mzima wa mikasi: iliyonyooka, iliyopinda, yenye ncha butu, na ile yenye meno ya kupunguzia. Mteja niliyemtazama kuanzia mwanzo mpaka mwisho alikuwa koka spanieli wa rangi ya dhahabu, mzito kidogo, mwenye masikio yaliyokuwa yakiburura ndani ya bakuli la maji kila alipokunywa.

Mpwa wangu hakuanzia kwenye mkasi. "Mguu mchafu haukatwi," alisema. Manyoya yenye vumbi na mafuta hulala ovyo. Ukiyakata hivyo hivyo, yakija kukauka kila moja linachomoza upande wake na kazi yote inaonekana ya mwanafunzi. Kwa hiyo shampuu kwanza, kisha mashine ya kupuliza hewa inayounguruma mpaka huwezi kuongea, huku brashi ikipita kidole baada ya kidole hadi manyoya yanyooke. Ndipo mbwa akapandishwa mezani na kupitishiwa shingoni kitanzi kilichoning'inia kwenye mhimili wa chuma, kilegevu, cha kumkumbusha tu kwamba hapa si mahali pa kuruka.

Mbwa wengi hawapendi kushikwa miguu. Hata wale wanaojibwaga chali kukunwa tumbo watauvuta mguu ukiugusa. Mpwa wangu aliweka kiganja begani, akakiteremsha polepole bila kukibandua, akapita kiwiko, akapita kifundo, mpaka mguu ukawa mkononi mwake na mbwa hakushtuka. Halafu akaukunja kuelekea nyuma, jinsi unavyojikunja wenyewe mbwa akitembea. Kuuvuta pembeni ili uone vizuri ni kosa la watu wenye haraka. Mbwa mzee mwenye yabisi ya viungo atalia, na safari ijayo ataanza kutetemeka akiona mlango wa saluni.

Chini ya mguu mbwa ana vinofu vyeusi vinavyobeba uzito: vinne vya vidole na kimoja kikubwa nyuma yake. Katika koka huyu vilikuwa havionekani. Manyoya yaliyoota kati yake yalikuwa yamerefuka, yakasokotana, yakafanya fundo gumu, na alipolichambua kwa vidole akatoa kipande cha changarawe. Mbwa alikuwa akitembea na jiwe ndani ya mguu, Mungu ndiye ajuaye tangu lini. Wakati wa baridi halmashauri humwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na chumvi hiyo nayo huingia humo humo, ikakaa, ikachoma ngozi.

Akachukua mashine ndogo yenye wembe mwembamba, akaipitisha usawa wa vinofu tu. Hapo alinivuta nisogee. Ngozi iliyo kati ya vidole ni nyembamba mno na hujikunja ndani ya manyoya bila kuonekana. Anayezamisha ncha ya mkasi mle kufukua kila unywele atakata ngozi, na jeraha la hapo halifungiki kirahisi kwa kuwa mbwa hulikanyagia na kulilamba. Kinachotakiwa ni kusafisha mpaka vinofu viguse sakafu, basi. Manyoya machache yaliyobaki ndani hayana ubaya.

Sababu za kusafisha hivyo alinitajia huku akifanya kazi, bila mpangilio, kila moja ikifuatiwa na kisa cha mbwa fulani. Nyumba nyingi siku hizi zina sakafu laini za mbao za kubandika, na mbwa mwenye manyoya juu ya vinofu huteleza. Mzee akiteleza mara mbili tatu anaogopa hata kuvuka sebule. Theluji hujigandisha kwenye manyoya ya kati ya vidole ikawa vidonge vya barafu. Halafu unyevu: mbwa hana jasho la mwili kama letu, lakini kwenye nyayo anazo tezi za jasho, na fundo la manyoya likilowa halikauki, ngozi chini yake inachubuka na kunuka. Akishaanza kujilamba, mate yanayabadili manyoya meupe kuwa ya rangi ya kutu. "Mimi nikiona kutu," alisema, "namwambia mwenyewe aende kwa daktari wa wanyama. Mkasi wangu hautibu mzio."

Lakini adui mkubwa, kwa maelezo yake, huja kiangazi. Kuna nyasi za huko, jamii ya shayiri-mwitu, ambazo mbegu yake ina ncha kali na vinyweleo vinavyoelekea nyuma. Mbegu hiyo ikinasa katika manyoya ya mguu huenda mbele tu, hairudi. Kila hatua ya mbwa inaisukuma. Inatoboa ngozi ya kati ya vidole, inaingia, na inaweza kusafiri ndani ya mguu kupanda juu. Kwa nje unaona uvimbe na tundu dogo linalotoa majimaji. Dawa za kuua vijidudu hutuliza uvimbe, kisha hurudi, maana mbegu bado imo ndani na inabidi daktari aifuate kwa kisu. Ndiyo maana mwezi wa Juni wateja wenye spanieli wanaambiwa wasingoje zamu yao ya kawaida.

Nami nikapata la kumwambia. Kwetu hakuna theluji wala chumvi ya barabarani, lakini kuna kupe, na kupe wa mbwa hupenda masikio na nafasi za kati ya vidole kuliko mahali pengine. Na kuna funza. Watu wengi wanajua funza wa binadamu. Wachache huangalia mguu wa mbwa, ambaye hushikwa na funza huyo huyo, akamleta mpaka mlangoni. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Marekani ya Kusini, akashuka Angola mwaka 1872 pamoja na meli iliyotoka Brazili, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima hadi upande wetu wa Bahari ya Hindi. Mpwa wangu aliondoka Tanga mdogo. Alisikiliza huku mkasi umesimama hewani. Kisha akasema kwamba kama angefungua saluni Arusha au Nairobi, kwa hao mbwa wenye manyoya marefu wanaofugwa na wenye uwezo, angeanza kila kazi kwa kukagua nyayo kwenye mwanga mkali kabla ya maji.

Baada ya chini ikaja juu, na hapo mwendo wa mkono ukabadilika. Aliyachana manyoya ya kati ya vidole yakasimama, akayakata usawa wa mgongo wa kidole. Akauweka mguu mezani, mbwa asimamie uzito wake wote, maana mguu ulioinuliwa na mguu uliokanyaga haina umbo moja. Kwa mkasi uliopinda akazunguka ukingo, akarudi na mkasi wa meno kufuta alama za mkasi wa kwanza. Mguu ukawa mdogo, wa mviringo, uliobana. Waingereza huuita mguu wa paka na wateja huuomba kwa jina hilo. Ulipendeza, sikatai. Nilimuuliza unamsaidia nini mbwa.

"Haumsaidii kitu. Chini namkatia mbwa. Juu namkatia mwenye mbwa."

Kazi hii Uingereza haihitaji leseni. Kuna vyeti na vyuo, yeye mwenyewe amesomea, lakini sheria haimkatazi mtu kununua mashine leo na kubandika kibao kesho. Iliyopo ni sheria ya jumla ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, ambayo humwajibisha mtu anayemuumiza au kumtelekeza mnyama. Mpwa wangu analalamika juu ya hili kila siku, na nadhani ana haki.

Kuna suala ambalo msomaji wa pwani ameshaniuliza kimoyomoyo. Sisi tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, ambamo mbwa akikugusa na ute wake unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mpwa wangu anaswali. Huvaa glavu na aproni ndefu, ana nguo za kazini na za nyumbani, na akirudi haingii chumbani kabla ya kuoga. Aliwahi kumuuliza sheikh mmoja wa Kimorocco anayesalisha karibu na kwao, akajibiwa kwamba katika madhehebu ya Malik mbwa si najisi, jibu ambalo lilimfurahisha lakini hakulitumia. "Mimi ni Mshafii," alisema. "Naosha." Sikuendelea.

Basi tukaingia Crufts. Maonyesho haya yalianzishwa mwaka 1891 katika Ukumbi wa Kilimo wa Islington, London, na Charles Cruft, mtu aliyepata riziki yake kwa kuuza biskuti za mbwa. Baada ya kifo chake yalichukuliwa na Kennel Club, chama kilichokuwepo tangu 1873, kikafanya ya kwanza yake mwaka 1948. Na tangu 1991 yako Birmingham. Huchukua siku nne, kila siku makundi yake. Sisi tulikwenda siku ya mbwa wadogo wa mapajani pamoja na kundi ambalo Waingereza wametupia humo kila mbwa waliyeshindwa kumpangia kazi. Kwa mtu anayetafuta miguu yenye manyoya, hakuna siku bora.

Kila mbwa ana kibanda chake chenye namba, na mbele ya kila kibanda meza, na juu ya meza mbwa amesimama kimya wakati mtu anamhangaikia. Harufu ni ya sabuni na vitambaa vyenye maji. Nilitarajia poda na rangi, lakini kanuni inakataza mbwa kuwa na kitu chochote mwilini kinachobadili rangi au namna ya manyoya muda wote wa maonyesho. Weupe wa mguu unatakiwa uwe wa kuosha. Ndiyo sababu ya vile vijisoksi.

Cavalier King Charles Spaniel ndio niliotaka kuwaona kwanza, kwa kuwa wao wanapingana na yule koka wa saluni kabisa. Kigezo chao cha Uingereza, kile ambacho jaji hufuata, kinasema mguu uwe na manyoya tele na mbwa asipunguzwe kwa mkasi hata kidogo. Manyoya hutoka mbele ya vidole yakalala sakafuni. Mbwa anaonekana amevaa sapatu. Mbwa huyu ametengenezwa upya katika karne ya 20. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge, alikuja Crufts akitafuta spanieli wa pua ndefu kama wale waliochorwa pamoja na wafalme zamani, asiwapate, akatoa zawadi ya pauni 25 kwa atakayemleta anayefanana nao. Kutokana na shindano hilo ndipo tumepata hawa. Hawakuumbwa kwa ajili ya matope. Walirejeshwa kutoka kwenye picha, na katika picha mguu una manyoya.

Nikamuuliza bibi mmoja mwenye Cavalier watatu kuhusu upande wa chini. Kigezo cha Marekani kinaruhusu waziwazi kuondoa manyoya ya kati ya vinofu, hata kinasema mara nyingi inafaa. Cha Uingereza kinakataza mkasi bila kutaja chini wala juu. Bibi akacheka, akanitolea chokoleti, akaanza kunieleza habari za wajukuu zake. Mmoja wa wale watatu alikuwa amejilaza ubavu. Nyayo zake, nilivyoziona, zilikuwa safi kabisa.

Hatua chache kutoka hapo walikuwa pudeli, nao mguu wao umenyolewa mpaka juu ya vidole, ngozi tupu, wakati mwili umejaa msitu uliokatwa kwa mviringo. Chimbuko lao ni kazi ya kuokota ndege majini; manyoya yalipunguzwa waogelee kwa wepesi, yakaachwa kwenye viungo na kifuani. Leo hakuna maji wala ndege, imebaki fasheni, lakini mpwa wangu huwaheshimu wanaoifanya: kupitisha mashine kati ya vidole vinne vyembamba vya mnyama anayepumua bila kuacha alama ya wekundu ni mtihani unaowaangusha wengi. Papillon, wadogo wale wenye masikio ya kipepeo, wao wanatakiwa wawe na vishungi vinavyopita mbele ya vidole. Tuliwapita haraka, umati ulikuwa unatusukuma.

Aliyenisimamisha ni teria wa Tibet. Si teria kwa kweli, hachimbi mashimo kufuata wanyama. Jina alipewa na Waingereza baada ya daktari mwanamke, Agnes Greig, aliyekuwa akifanya kazi India miaka ya 1920, kupewa mmoja na kuanza kuwazalisha. Mguu wake ni wa namna ya peke yake: mkubwa, bapa, wa mviringo, bila tao la vidole, na manyoya mengi kati ya vidole na hata kati ya vinofu. Wafugaji wanasema ndio uliomwezesha kukanyaga theluji ya milimani bila kuzama. Kwa hiyo kigezo kinaulinda mguu wote, chini na juu.

Hapa sasa kanuni ya mpwa wangu iliingia matatani, na hakuipenda hali hiyo. Alimhoji mwenye mbwa kwa muda mrefu. Yule bwana, mrefu, mwenye tai iliyochorwa mbwa, alikiri kuwa nyumbani kwake hakuna mlima, kuna shamba la udongo wa mfinyanzi, na kwamba kila anaporudi matembezini hukaa dakika ishirini na beseni la maji vuguvugu akitoa madonge. Hakati kwa sababu ya jaji. Mbwa wake aliyestaafu mashindano, alisema, alinyolewa nyayo wiki hiyo hiyo aliyostaafu. Mpwa wangu alinigeukia akanitazama tu. Nami nakubaliana naye, ingawa niliona kwa yule bwana kitu ambacho saluni haina: mguu ambao bado unaonyesha ulitoka wapi. Ukiukata mviringo unakuwa mguu wa koka, na Tibet imekwisha.

Katika ukumbi mwingine kuna mahali ambapo kila aina ya mbwa huwekwa siku zote nne ili watu wawaone na kuuliza, na huko nikamkuta saluki. Huyu ndiye mbwa pekee ambaye babu zangu wangemruhusu karibu na mkeka, mbwa wa mawindo wa Mabedui, mwembamba, mwenye macho ya mbali. Vidole ni virefu, na manyoya laini yameota katikati yake. Wawindaji husema yanasaidia kwenye mchanga wa moto na miba. Hayakatwi. Mwenyewe, mwanamke wa Kiingereza aliyewahi kuishi Ghuba, alitueleza kuwa huko aliwaona wenye saluki wakiwapaka hina nyayoni, kwa imani kwamba ngozi inakuwa ngumu, na kwa sababu inapendeza. Mpwa wangu akavua glavu, akamwonyesha mikono yake, iliyokuwa bado na hina ya harusi ya wiki iliyopita. Wakaongea kuhusu hina mpaka nikachoka kusimama: majani ya wapi, limau kiasi gani, kulala nayo au kutolala nayo.

Crufts huonyeshwa kwenye televisheni, kwa hiyo Jumatatu simu ya saluni haikunyamaza. Mteja wa kwanza aliingia na mchanganyiko wa koka na pudeli, manyoya yamejisokota kila mahali, akataka "sapatu" alizoziona kwa Cavalier. Mpwa wangu akamwambia juu atampa, yatachukua miezi kurefuka, lakini chini atasafisha leo na kila baada ya wiki chache, na hilo halijadiliwi. Mteja akakubali. Wakati wa kulipa akaomba apewe manyoya yaliyokatwa akawatundikie ndege bustanini wajengee viota. Akaulizwa kama mbwa hupakwa dawa ya viroboto. Hupakwa, kila mwezi.

"Basi hapana," mpwa wangu akasema. "Dawa hubaki kwenye manyoya, na makinda hulala humo." Akanigeukia. "Mjomba, ufagio uko nyuma ya mlango. Yote yaingie mfuko mweusi."